Jina Limekuja Nani?

Runzewe, ukitaka kulipa kwa simu, muuzaji haulizi kama una salio. Anauliza, "Jina limekuja nani?" Unainamia kioo, unamsomea majina matatu kwa herufi kubwa, ya mtu usiyemjua kabisa, naye anaitikia bila hata kugeuka: "Eeh, huyohuyo. Weka namba ya siri."

M-Pesa ilipoingia Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, Runzewe ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, na hela ya simu ilikuwa ya kumtumia mama kijijini, si ya kununulia nyanya. Siku hizi, tangu 2012, tuko Mkoa wa Geita, na fungu la nyanya lina lipa namba yake. Mji wenyewe umekaa njia panda. Barabara moja inatoka Ushirombo, nyingine inakwenda Bwanga, nyingine inashika Lusahunga hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Kwa hiyo anayelipa mbele yako dukani anaweza kuwa dereva wa lori, mchimbaji aliyetoka duarani na vumbi lake, mrina asali, au mwalimu kama mimi, ambaye mshahara unapita benki, unaingia kwenye simu, unasalimia, unaondoka.

Tuanze na bucha. Muuza nyama wangu ni mwanaume wa miraba minne, mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Kwenye simu yangu yeye ni binti. Laini anayopokelea hela imesajiliwa kwa jina la shemeji yake, mdogo wa mke wake, na wala hapakuwa na hila. Ilipoamriwa kwamba laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, siku ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, na watu wakalala kwenye foleni za NIDA. Jamaa hakuwa na namba. Shemeji alikuwa nayo. Shemeji akatoa kidole, laini ikapona, familia ikala pilau.

Miaka ikapita. Siku moja familia ikagombana kuhusu hela ya kikoba, na mwenye kidole akakumbuka kwamba kidole ni chake. Akiwa Masumbwe, akaingia kwa wakala na kitambulisho, akasema laini yake imepotea, akapewa nyingine. Kuanzia saa hiyo Runzewe ilinunua nyama na Masumbwe ikapokea. Jina lilikuja lilelile, kwa hiyo hakuna mteja aliyeshtuka. Jioni muuza nyama akatuita wateja wa siku ile, mmoja mmoja, akitaka kujua nani alimlipa nani. Nikamwonyesha ujumbe wa muamala. "Mwalimu," akasema, "hapa umemlipa shemeji. Mimi bado." Nikamwambia jina ndilo hilohilo analoniitikia kila Jumamosi. Akakubali. Akaniuliza kama nyama bado ipo. Nyama ilikuwa imeshaliwa, tena kwa ndizi.

Suala hilo lilimalizwa na wazee wa pande zote mbili, kwa kikao kilichochukua mchana mzima. Shemeji alirudisha hela, akabakiza ile aliyoiita usumbufu.

Sasa nenda kwa mama lishe wa pale yanapoegeshwa malori. Huyu jina lake na la simu yanafanana. Shida yake ni umeme. Banda halina, kwa hiyo simu inachajiwa saluni kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Mchana mmoja dereva wa kuelekea Rusumo alikula wali na samaki, akalipa, akanyoosha simu mama aone ujumbe. Mama hakuutazama hata kidogo.

"Baba, huo ujumbe ni wako. Mimi nasubiri wangu."

Ana haki. Kuna watu wanatembea na ujumbe wa kughushi, una kila nukta na kila sifuri, unaonyesha hela iliyotumwa ambayo haijatoka popote. Muuzaji aliyepigwa hivyo mara moja haamini tena simu ya mteja, hata mteja awe shehe. Basi akatumwa mtoto kwa kinyozi. Mtoto akarudi: simu imefungwa, kinyozi anauliza inafunguliwaje. Mama akamchorea mchoro kiganjani kwa kidole. Mtoto akavuka barabara, akarudi: kinyozi ana mtu nusu kichwa, anasema subirini. Utingo akaanza kupiga honi. Dereva, kwa kuwa amekaa muda mrefu, akaomba chai. Chai ikaja, akainywa, halafu nayo akaishikia simu akitaka kuilipia. Mimi nilikuwa nyuma yake na noti yangu mkononi, lakini noti ilikuwa ya elfu kumi, na chenji nayo ilikuwa inasubiri simu iliyoko kwa kinyozi.

Tusiionee simu, lakini. Imeua ugonjwa mmoja ambao wenye umri wangu tunaujua: chenji ya pipi. Zamani ukidai shilingi mia unapewa pipi mbili, ukidai mia mbili unapewa kiberiti, na mtu mzima anarudi nyumbani mifuko imejaa kama ametoka kwenye ubatizo. Leo nikidaiwa 1,350 nalipa 1,350. Mangi wa duka la mtaani kwetu haijamfurahisha hiyo hata kidogo. Pipi zake zimeanza kushikana ndani ya kopo.

Alipopoteza kwenye pipi amefidia kwenye kauli ya "ongeza na ya kutolea". Yaani ununue sukari, kisha umlipie na gharama ya kwenda kutoa hela ya sukari kwa wakala. Ukimwambia ana lipa namba ukutani, anasema hiyo inasumbua, tuma kawaida. Kauli hii ilinona mwaka 2021, tozo ya serikali ilipoanza Julai 15, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ya mangi haikupungua. Nimejaribu kujadiliana naye kwa hoja za kodi na sera za fedha, akanisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Sawa mwalimu. Ongeza na ya kutolea."

Wageni ndio wanapata tabu zaidi. Mtoto wa mjomba anafanya kazi Mwanza na ana simu janja yenye kamera tatu. Yeye mambo ya nyota, mia moja hamsini, nyota, reli, aliyaacha kitambo. Ana programu, anapiga picha kile kibao cha TANQR cha Benki Kuu, hela imekwenda. Alikuja kututembelea katikati ya Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea nchi nzima. Binamu alikuwa dukani na kreti ya soda miguuni, simu juu mbele ya kibao, na kale kaduara kanazunguka, kanazunguka. Akasogea mlangoni kutafuta mtandao. Akatoka hadi kwenye mti.

Nyuma yake alikuwepo mchunga ng'ombe na kitochi kilichofungwa kwa raba. Akabonyeza nyota zake na reli yake, akasoma jina kwa sauti, muuzaji akaitikia huyohuyo, akaweka namba ya siri, akabeba unga wake. Njia ile haihitaji intaneti, inapita kwenye mtambo wa kampuni ya simu yenyewe. Waya wa baharini ukatike usikatike, kitochi hakina habari. Alipompita binamu pale kwenye mti akasimama, akaiangalia simu kwa huruma ya kweli. "Kamera tatu," akasema. "Zote hazijaona?"

Soda nililipa mimi. Binamu aliahidi kunirudishia mtandao ukirudi. Mtandao ulirudi.

Wachimbaji nao wana yao. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita Machi 2019, la kwanza nchini, dhahabu inauzwa sokoni na karatasi zake, lakini wapo ambao mkono haujasahau. Nimemwona kijana mmoja, siku mambo yalipomkubali, akiweka juu ya kaunta kipande cha karatasi kilichokunjwa, akitaka viatu. Muuza viatu akakisukuma nyuma kwa ncha ya kalamu. "Kauze kwanza, kaka. Mimi napokea simu tu." Kijana akauliza simu ya mtandao gani, maana laini aliyokuwa nayo ni ya mwenzake wa duarani.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya mangi, mbele yangu bibi mmoja anayeheshimika mtaani, na kilo yake ya sukari. Akageuka, akanikabidhi kitochi. "Mjukuu wangu, macho hayaoni. Nibonyezee." Nikampa shikamoo, nikabonyeza, jina likaja, mangi akaitikia. Ikabaki namba ya siri. Nikamnong'oneza aniambie sikioni.

"Namba ya siri," akasema kwa sauti ya kuitia watoto chakula, "ni mwaka niliozaliwa. Elfu moja mia tisa arobaini na tisa."

Foleni ikanyamaza kwa adabu. Simu ikakataa. Akasema nirudie, maana vijana tuna haraka. Nikarudia, ikakataa tena. Mtu nyuma akakumbusha kwamba ya tatu ikikosewa inafungwa, na mwingine akaanza kueleza bibi alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Uhuru, kwa hiyo arobaini na tisa haiwezekani, labda arobaini na tano. Mjadala ukapamba moto. Mangi akatoa kalenda.

Bibi akafikiri, akashusha sauti kidogo tu. "Basi weka ule wa kwenye kitambulisho. Hamsini na nne."

Ikakubali.

"Kumbe bibi bado msichana!" akasema kijana wa bodaboda kule mwisho.

Bibi akafunga sukari yake kwenye kitenge, akatutazama mmoja baada ya mwingine, mangi akiwemo. "Mmesikia wote," akasema. "Hela ikipotea, nitajua ni mmoja wenu." Kisha akaninyooshea mkono. "Na wewe uliyebonyeza, unaitwa nani? Majina matatu."