Utii wa Darasa la Kwanza na Ajali Zake

Mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania ni mtumishi wa umma aliyekabidhiwa kazi inayotajwa kwa herufi tatu tu, yaani KKK, maana yake Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, stadi ambazo mtaala wa mwaka 2015 ulizipa sehemu kubwa ya muda wa darasa la kwanza na la pili, na ambazo mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 haukuthubutu kuziondoa. Waliozipanga herufi hizo walikuwa wataalamu, na hapana shaka kwamba walifikiri sana, ila hawakuitaja K ya nne, ambayo ni kamasi, wala ya tano, ambayo ni kukojoa, na hizi mbili, japokuwa hazina kipindi katika ratiba, ndizo zinazoamua vile vipindi vingine vitaanza saa ngapi na vitaishaje.

Watu wengi walio nje ya darasa hilo, wakiwemo walimu wa darasa la saba ambao hupita dirishani wakitikisa vichwa, hudhani kwamba taabu yake kubwa ni utukutu. Dhana hiyo haina msingi. Mtukutu ni mtu anayeijua amri na kuivunja, na kwa kawaida hufika darasa la tatu ndipo akahitimu katika fani hiyo. Mtoto wa miaka sita au saba, kinyume chake, hutenda alichoambiwa, kwa namna ile ile alivyoambiwa, hata pale ambapo mwenye kuagiza alikusudia jambo jingine kabisa. Ajali nyingi za darasa la kwanza ni matunda ya utii huo, na mwalimu hana wa kumlaumu kwa sababu kila aliyekosea alikuwa anafuata maelekezo.

Uthibitisho wa kwanza hupatikana wiki ya kwanza ya Januari, siku ya kuandika majina. Mwalimu huandika ubaoni neno "Jina", akaweka nukta pacha, kisha kwa nia njema akaongeza mfano, tuseme "Asha Juma". Baada ya nusu saa ya ndimi kutoka nje na penseli kuvunjika ncha, hukusanya madaftari na kukuta kwamba darasa zima, wavulana wakiwemo, linaitwa Asha Juma. Akiufuta mfano huo na kuandika "Jina lako", hupata darasa la watoto waitwao Jina Lako, na wachache miongoni mwao huandika pia ule mstari wa mavumbi ya chaki ulioachwa na kifutio, kwa kuwa nao ulikuwa ubaoni. Hapo hubaki njia moja tu ya kumtambua mwenye daftari, nayo ni jalada: hili limevikwa gazeti, lile karatasi ya kalenda ya mwaka juzi, na lile jingine mfuko wa unga wa sembe ambao bado unatoa vumbi kila unapofunguliwa. Mwalimu mzoefu hujifunza majalada kabla ya sura.

Idadi ya watoto hao ina historia yake. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipotekelezwa mwaka 1977, umri wa kuanza shule ulikuwa miaka saba, na kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache, umri huo mara nyingi ulipimwa kwa mkono: mtoto aliupitisha juu ya kichwa, na vidole vikifika kwenye sikio la upande wa pili, aliandikishwa. Kipimo hicho kiliwapendelea wenye mikono mirefu na vichwa vidogo, na kuna wazee wenye heshima zao leo ambao waliahirishiwa elimu mwaka mzima kwa sababu ya ukubwa wa bichwa. Cheti kikachukua nafasi ya sikio. Kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, wazazi wakaitika, na madarasa yakafurika. Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na katika shule nyingi uwiano huo hukutana na hali halisi siku ile tu ambayo mvua imenyesha tangu alfajiri.

Siku hufunguliwa kwa salamu, ambayo ni ya pamoja na huimbwa zaidi ya kusemwa: "Shikamoo, mwalimu!" "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo, mwalimu!" Baada ya hapo huwekwa kanuni ya msingi ya darasa, kwamba anayetaka kusema jambo lolote hunyoosha kidole kwanza na kusubiri aitwe. Kanuni hiyo ni nzuri kwa maswali ya hesabu. Kwa upande wa K ya tano ina upungufu, kwa maana wapo watoto wenye nidhamu ya kutisha, ambao hunyoosha kidole na kukishikilia hewani huku mwalimu akimalizia kuandika tarehe, wakasubiri kuitwa mpaka ruhusa yenyewe ikawa haina kazi tena. Mwalimu akibadili kanuni na kutangaza kwamba mwenye haja aende tu, haja huenea kutoka dawati la mbele hadi la nyuma kwa muda usiofika dakika mbili, na darasa hubaki na mtoto mmoja, aliyelala.

Somo la kusoma ndilo lenye utajiri zaidi wa mikasa, ingawa Kiswahili chenyewe ni lugha yenye huruma kwa mwanafunzi, kwa vile maneno yake huandikwa karibu kama yanavyotamkwa. Mwalimu huanza na irabu, zile sauti tano za a, e, i, o na u, kisha huzifungamanisha na konsonanti ili kupata silabi, ambayo ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja. Kwa nadharia, baada ya hapo kila kitu kinafuata. Kwa vitendo, mwalimu husema, "Semeni wote: ba," na darasa humjibu kwa sauti inayotikisa bati, "Semeni wote: ba!" Husema, "Hapana, semeni ba peke yake," nao, "Hapana, semeni ba peke yake!" Akinyamaza, hunyamaza. Akikohoa kwa sababu ya chaki, safu mbili za mbele hukohoa. Walimu wengi hutoka katika mtego huu kwa kuonyesha silabi kwa fimbo bila kusema neno, mbinu ambayo haijapewa nafasi inayostahili katika vitabu vya ualimu.

Hatua inayofuata ni kuunganisha silabi kuwa neno, na hapa ndipo mtoto huonyesha kwamba ana akili kuliko kitabu chake. Kitabuni pana picha ya ndege mwenye upanga mwekundu kichwani, na chini yake pana neno lenye silabi mbili. Mtoto huweka kidole, akasoma kwa uangalifu, "ku", akasogeza kidole, "ku", na alipoambiwa aziunganishe akatangaza, "Jogoo!" Kusema kweli mchoraji ndiye mwenye kosa, kwa kuwa yule ni jogoo, na mtoto aliyekulia uani hawezi kulazimishwa amwite vinginevyo kwa sababu ya herufi nne. Yupo pia msomaji wa kukariri, ambaye ameusikia ukurasa ukisomwa na wenzake mpaka ukamkaa kichwani, naye huusoma wote bila kukwama, kwa mkazo na vituo, huku kitabu akiwa amekishika juu chini. Mwalimu husita kumkatiza, maana ndiye anayesoma vizuri kuliko wote.

Kuandika kuna mikasa michache zaidi, isipokuwa ile ritifaa, alama ndogo inayokaa juu ya mstari katika neno kama ng'ombe. Watoto wakishaambiwa kwamba ng'ombe hana uhalali bila kale kadoti, hukahurumia kadoti na kukapa makazi popote penye nafasi, na kwa wiki nzima mwalimu husahihisha mam'a, bab'a na mez'a.

Katika kuhesabu hutumika vihesabio, yaani vitu vidogo vya kushikika kama vijiti, vizibo vya soda au punje za mahindi, ambavyo humsaidia mtoto kuiona namba kabla ya kuiandika. Punje zina kasoro inayojulikana na kila zahanati iliyo jirani na shule, kwamba zinaingia puani kwa urahisi kuliko zinavyotoka. Karanga zina kasoro ya pili: katika zoezi la tano toa mbili, jibu sahihi ni tatu, lakini mezani hapana hata moja, na mtoto anayetafuna anapoulizwa zimebaki ngapi hujibu kwa ukweli mtupu. Kwa hiyo vijiti hupendekezwa. Tatizo la vijiti ni safari ya ujumbe, kwa sababu mwalimu huwaambia watoto kila mmoja alete vijiti kumi, na ujumbe huo hupita katika mchezo wa kombolela, kisima na duka la mangi kabla ya kufika nyumbani. Haishangazi basi kumwona mzazi akifika getini asubuhi, kanga kiunoni, nyuma yake kijana mwenye mkokoteni.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Ahsante. Viti nimepata vinne, sita nimeazima kwa jirani, ila anavitaka kabla ya Jumamosi, ana maulidi. Sasa mwalimu, hiyo shughuli ya shule ni saa ngapi?"

Mama huyo hawezi kulaumiwa, kwa maana alijaribu kuuliza nyumbani akajibiwa kwa maneno mawili yasiyokatiwa rufaa: "Mwalimu kasema." Katika kaya yenye mtoto wa darasa la kwanza, maneno hayo huizidi kauli ya baba, ya bibi na ya taarifa ya habari. Mwalimu akisema kucha zikatwe, hukatwa usiku huo huo, hata kama wembe ulikuwa wa baba. Akiteleza ulimi akasema Jumatano kuwa ni Alhamisi, nyumba nzima hubadili siku.

Njia hiyo ya habari hupitika pande zote mbili. Mwalimu anayewauliza watoto asubuhi kuna habari gani, akitarajia mvua au mbuzi aliyezaa, hupata kujua ni baba gani amelala sebuleni, ni televisheni ya nani imerudishwa dukani, na ni shangazi yupi aliyesemwa baada ya kuaga. Huyasikiliza yote, akasema "Vizuri, kaa chini", na siku ya kikao cha wazazi huwatazama waheshimiwa hao wakichangia hoja za maadili kwa uso usioonyesha chochote. Uso huo ni ustadi, na haufundishwi chuoni.

Utii huo huo huleta hatari ya kitaaluma anapofika mthibiti ubora wa shule, afisa ambaye zamani aliitwa mkaguzi, na ambaye huanza kwa kuomba andalio la somo, yaani karatasi inayoonyesha dakika kwa dakika kile ambacho mwalimu na mwanafunzi watafanya. Karatasi huwa safi. Darasa huwa kimya kiasi kwamba mgeni hufurahi na kumuuliza mtoto wa mbele, kwa upole, kama huwa wanakaa hivi kila siku. Mtoto husimama, mikono nyuma, akajibu kama alivyofunzwa, kwa sentensi kamili na kwa sauti ya kusikika: "Hapana. Mwalimu kasema leo tukae kimya kwa sababu utakuja."

Baada ya kengele, ambayo katika shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, mwalimu hurudi uraiani, lakini darasa haliondoki mwilini mwake mara moja. Kwenye daladala humwambia kondakta jambo moja mara tatu, polepole, kisha humuuliza, "Umeelewa?" Mumewe akifunga mlango vizuri hupongezwa. Sokoni, akiwa ameinama juu ya fungu la dagaa akibishana bei, husikia nyuma yake sauti nyembamba iliyojaa mshangao, "Mama, mwalimu naye anakula!", na hapo hulazimika kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa, kwa kuwa mtumishi mwenye hadhi hiyo hawezi kuonekana akigombania mia mbili.

Juu ya yote hayo upo utaratibu wa zamu, ambao humtaka kila mwalimu, kwa wiki moja kwa kupokezana, awahi kabla ya wenzake, asimamie usafi, mstari wa asubuhi, kengele na uji, kisha aandike taarifa katika kitabu cha zamu. Utaratibu huo ni wa haki na hakuna anayependekeza ufutwe. Ila mwalimu mkuu anayepanga orodha ya zamu mwezi Desemba anaombwa, kwa heshima zote, asimpangie mwalimu wa darasa la kwanza wiki yoyote ya Januari, kwa sababu wiki hizo kina Asha Juma wote bado hawajajua choo kiko upande gani.