Namna ya Kujifanya Mkaguzi wa Behewa Dogo

Siku yako inakuja. Utakuwa umekaa zako Masanze, katikati ya Kilosa na Mikumi, mtu unayeheshimika, na fundi kijana atakuletea behewa la mizigo aliloliunda kwa bati, waya na mbao. Atalitua mezani pamoja na kipande cha reli yake, aseme, "Shikamoo mzee, naomba unikagulie." Watu watasogea. Hujawahi kuunda hata toroli, na wote wanasubiri neno lako.

Usikiri, wala usisingizie simu. Fuata njia ya mkato ninayokupa hapa. Naiamini kabisa: anayeifuata anaanza kwa kujifanya mkaguzi, na kabla chai haijapoa anakuwa mkaguzi kweli.

Hatua ya kwanza: nyamaza, kisha lipindue

Kila mtu ataanza kusifu rangi. Waache. Wewe lichukue behewa kwa mikono miwili, lipindue magurudumu yaangalie juu, na utazame tumbo lake kwa muda bila kusema kitu. Kimya hicho pekee kitakupandisha cheo. Pia kinampa fundi heshima anayoistahili, kwa sababu kazi ngumu ya behewa iko chini, mahali ambapo wapita njia hawaangalii. Aliyetumia jioni nyingi kunyoosha ekseli anatamani mtu mmoja tu azione.

Hatua ya pili: rula na namba tatu

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tuliza akili.

Omba rula ya mwanafunzi. Pima ile reli ndogo, kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa kingine. Unatafuta milimita 45. Namba hiyo haikuzaliwa Masanze. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilitoa treni kubwa za mfano zinazoitwa LGB, za kukimbia hata bustanini, kwa reli yenye upana huo. Uwiano wake ni moja kwa 22.5: kila kitu cha kweli kimegawanywa kwa 22.5.

Sasa zidisha, kwa sauti ya kusikika: 45 mara 22.5 ni 1,012.5. Hiyo ni mita moja na kidogo tu. Nyanyua macho polepole, utaje Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kilosa 1909 na Kigoma 1914, na upana wake ni milimita 1,000. Kwa hiyo treni ya bustani za Ulaya na reli ya kizamani inayopita Kilosa zinalingana karibu kabisa. Fundi wa Masanze akitaka kuunda treni ya kwao kwa kipimo kinachotambulika duniani, kipimo kipo tayari na kinamkaa sawasawa. Mimi jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria.

Fundi akikwambia, "Mzee, hili ni la SGR," usitetereke. Upana wa SGR, ile reli mpya ya kisasa, ni milimita 1,435. Gawanya kwa 45 utapata karibu 32. Reli ni ile ile, ila behewa liwe la moja kwa 32. Akisema ni la TAZARA, reli ya kwenda Zambia, upana ni 1,067, na uwiano wake ni karibu na moja kwa 24. Basi kariri: 22.5 kwa Reli ya Kati, 24 kwa TAZARA, 32 kwa SGR. Ukizitaja zote tatu bila kutazama karatasi, utaletewa kiti chenye mto. Hakuna atakayekuuliza umezijua lini.

Mtu mmoja atasema, "Lakini milimita mbili tatu zina neno gani?" Mshukuru, amekufungulia mlango. Kutoka Kilosa kuna tawi la reli linalokwenda Mikumi, lililofika huko 1960, likasogezwa hadi Kidatu 1965. Huko Kidatu linakutana na TAZARA. Tofauti ya upana wa reli hizo mbili ni milimita 67, na kwa sababu ya hizo 67 behewa haliwezi kuendelea na safari: mzigo hushushwa kwenye reli moja na kupakiwa kwenye nyingine. Gawanya 67 kwa 22.5. Unapata milimita tatu. Mwoneshe hizo tatu kwenye rula, na usiongeze neno.

Hatua ya tatu: magurudumu

Uliza swali moja: "Gurudumu linazunguka peke yake au na ekseli yake?" Kwenye gari la waya ambalo watoto wanasukuma barabarani, gurudumu huzunguka peke yake juu ya waya. Kwenye reli, magurudumu mawili hushikana na ekseli moja na kuzunguka pamoja. Fundi akijibu "pamoja", tikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha pitisha kidole. Kila gurudumu linatakiwa kuwa na ukingo uliotokeza upande wa ndani, kwani huo ndio unaolizuia behewa lisiache njia. Magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili hayana ukingo. Yanafaa kwa lori la waya. Kwa fundi asiye na mashine kuna dawa: vipande viwili vya duara vilivyogandishwa, kipana ndani, chembamba nje. Akiwa hodari zaidi, uso unaokanyaga reli atauinamisha kidogo kuelekea nje. Gurudumu la treni ya kweli limeinama hivyo, na mwinamo huo husaidia ekseli kurudi katikati ya njia kila inapoyumba.

Mwisho pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu. Kwa reli ya 45 huwa karibu na milimita 40. Ukiwa mvivu, na leo nakuruhusu, pima ekseli zote na uangalie kama zinafanana tu. Ekseli moja ikiwa na 40 na nyingine 43, behewa litaanguka, na wewe utakuwa umetabiri kabla halijaguswa.

Hatua ya nne: mtu wa kijiti

Vunja kijiti cha sentimita saba na nusu. Huyo ni mtu mzima wa mita 1.7 katika uwiano wa moja kwa 22.5. Msimamishe mlangoni mwa behewa. Akilazimika kuinama ili aingie, mlango ni mfupi. Kama juu yake panatosha mtu wa pili kusimama, fundi ametengeneza kanisa. Kwa SGR kata kijiti kifupi zaidi, sentimita tano na milimita tatu. Umelikagua umbo zima kwa kijiti cha bure, na watoto watakiomba ukimaliza.

Hatua ya tano: kona

Hapa samehe. Kona kali kabisa ya LGB ina nusu kipenyo cha sentimita 60. Zidisha kwa 22.5 utapata mita 13 na nusu, na hakuna treni ya mizigo ya kweli inayoweza kupinda kwenye ua mdogo kiasi hicho. Wenye treni ndogo dunia nzima wanaibia kwenye kona, kwa kuwa nyumba hazitoshi. Reli ya kweli ilipotoka Kilosa kwenda Gulwe ilibidi ifuate bonde la Mto Mkondoa, ikipinda na mto, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakaisomba vibaya. SGR imepita milima hiyo kwa mahandaki. Fundi wako hana handaki, ana sebule.

Chora duara sakafuni kwa kamba na chaki, na uangalie kama bogi za behewa (fremu ndogo zinazobeba magurudumu) zinageuka bila kugonga sakafu ya behewa. Zikigonga, mshauri alinyanyue behewa kidogo au alifupishe. Tuendelee.

Hatua ya sita: herufi ubavuni

Sasa ndiyo unaruhusiwa kutazama rangi. Soma herufi kabla ya kusifu, maana herufi hutaja umri. EAR&H ni miaka ya kuanzia 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipokuwa chini ya shirika moja. Kuanzia 1969 bandari ziliondolewa, ikabaki EAR. TRC, Shirika la Reli Tanzania, ni baada ya 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. TRL, kampuni iliyochukua nafasi yake, ni ya 2007 hadi 2017, kisha TRC ikarudi.

Ukikuta kontena limekaa juu ya behewa lililoandikwa mwaka 1950, chekelea kwa upole. Kontena za aina hii tunayoijua zilianza safari za baharini mwaka 1956, huko Marekani. Mnong'oneze fundi pembeni ili abadilishe tarehe. Usimsute mbele ya watu. Mkaguzi anayetafuta kushangiliwa kwa aibu ya kijana hafai kushika rula.

Hatua ya saba: mzigo

Usiondoke bila hili. Agiza kilo moja ya sukari dukani. Ikiwa ya Kilombero ni vizuri zaidi, kwa kuwa kiwanda chake kiko huko huko Kidatu. Ipakie ndani, weka reli juu ya ubao, inua upande mmoja kidogo, achia. Behewa tupu linaweza kukudanganya. Lenye kilo moja linasema ukweli. Likiyumba juu, uzito umekaa juu mno: mwambie afunge nati chache nzito chini ya sakafu. Likisimama katikati ya njia, ekseli zinahitaji tone la mafuta. Likishuka moja kwa moja hadi mwisho, umeona kazi.

Kipimo hiki cha mzigo ndicho kilichoifanya Reli ya Kati iwe na maana. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, kisha ikapelekwa Kigoma kwa njia ya reli na kuelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Meli nzima ilipita Kilosa juu ya mabehewa. Na mabehewa 264 ya mizigo ya SGR yaliyowasili kutoka China mwishoni mwa 2024 yalipitia majaribio kabla ya kukabidhiwa mizigo ya wateja. Behewa la Masanze nalo lina haki ya kujaribiwa kwa uzito.

Hukumu

Lirudishe mezani likiwa limesimama vizuri. Sema mambo matatu tu: upana wake na reli linayoifuata, kasoro moja inayorekebishika kesho, na sehemu moja ya chini uliyoipenda. Taja sehemu hiyo kwa jina lake, ekseli au bogi au ukingo, ili fundi ajue uliiona.

Likiwa na reli ya 45, ekseli zinazofanana na limeshuka na kilo yake bila kuacha njia, limefaulu. Linunue wewe mwenyewe, mlipe fundi siku hiyo hiyo bila kumpunguzia, na umwachie rula.