Namna ya Kufaidi Mahubiri Mazuri Bila Kudhurika

Kaa nyuma, karibu na mlango. Singida ina upepo. Ukiulizwa, umefuata hewa.

Usiombe mahubiri yaahirishwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba ya Jumapili yasiachwe pasipo sababu nzito, na njaa yako haimo. Wewe tazama saa. Juni 2024 Papa Fransisko aliwaambia mapadre wasizidishe dakika 8, maana baada ya hapo watu husinzia, tena wana haki. Mwaka 2018 alikuwa amewapa 10. Kwa mwendo huo tungebakiziwa "Amina" tupu, lakini habari kama hizi huchelewa sana kuvuka Manyoni.

Sasa padre wa Mandewa anaanza. Injili ni ya mpanzi, na kwa bahati mbaya amejiandaa. Hana karatasi, wala hapazi sauti. Anasema udongo wenye miamba si habari ya Palestina, mmeukanyaga asubuhi hii mkija. Halafu anashika alizeti. Ulishajiandaa kusikia tumfuate Kristo kama ua linavyofuata jua, hiyo uliisikia tangu Komunyo ya Kwanza. Yeye anawauliza wakulima: alizeti iliyokomaa hulifuata jua?

Kimya. Mzee wa benchi la mbele anajibu, "Hapana, Padre. Ikikomaa hutazama mashariki tu, imeinama."

"Basi," anasema padre, "changa ndiyo hugeukageuka. Iliyobeba mbegu hutulia." Anakwenda kukaa.

Dakika 7. Hapo ndipo penye hatari, maana maneno ya namna hiyo yakikukuta huna kinga yanaweza kukufuata hadi nyumbani. Harakisha kutafuta yanamfaa nani. Yupo yule dada aliyehama kwaya tatu. Yupo shemeji yako, leo jumuiya hii, kesho ile. Mguse jirani kwa kiwiko, umnong'oneze: "Umeyasikia, mama? Yamempata!" Ukikuta naye ameshakugeukia wewe, inama utafute sadaka mfukoni.

Nje, kwenye mnada wa kuku wa matoleo, sifia kwa nguvu: "Leo Padre ametulisha!" Hapana ubaya, ni kweli. Akitokea mtu wa kukuuliza ametulisha nini, ongeza elfu mbili kwenye jogoo.