Sifa za Odio Ndefu

Hakuna aliyewahi kuitungia odio kasida. Bibi harusi ana nyimbo zake, ng'ombe ana majigambo ya wenyewe wanaomfuga, hata bia ina mabango barabarani. Lakini ule ujumbe wa sauti wa dakika nne, unaoingia kwenye simu kabla mtu hajanawa uso, umeachiwa laana peke yake. Wanaoulaani wana hoja. Unakula mega. Haupekuliki: ukitaka kujua mjomba alitaja bei gani juzi, sharti umsikilize mjomba upya, pamoja na kikohozi chake. Tena humlazimisha mtu kusikia mbele ya watu mambo ambayo angeyasoma kimya. Mashtaka yote ni ya kweli, na wakili asiyekubali ukweli wa mashtaka hapaswi kuichukua kesi hii. Lakini Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alimsifu nzi, na Erasmus mwaka 1511 akaupa upumbavu jukwaa ujisifu wenyewe. Odio ya Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, haiombi heshima kubwa kuliko ya nzi.

Anayepanda kwenda soko la Kadutu asubuhi huiona ikizaliwa. Mama amekaa nyuma ya beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, simu ameishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate, kidole gumba kimebana alama ya maikrofoni. Anaanza na "allo". Anaisema mara mbili, mara tatu, ingawa anajua vizuri kwamba upande wa pili hakuna mtu wa kumwitikia. Kisha: "Jambo yenu mama. Ni miye. Batoto banaamuka? Na ule mukubwa alipona?" Anatulia kidogo, kana kwamba anasubiri jibu. Anamshukuru Mungu kwa niaba ya pande zote mbili. Anaeleza mvua ilivyonyesha usiku na njia ilivyoharibika kule Funu. Mwishoni kabisa, kwa pumzi moja na kwa sauti ya chini kidogo, anasema kilichomfanya ashike simu: mzigo umefika, franga hazijafika.

Hapo ndipo sifa ya kwanza ilipo. Ujumbe wa maandishi una mlango wa nyuma: jicho linaruka salamu, linatua kwenye deni. Odio haina mlango huo. Anayetaka kufika kwenye franga lazima apite kwa watoto, kwa mgonjwa, kwa mvua ya Funu. Akijaribu kuvuta kile kitone mbele kwa kidole, anatua katikati ya sentensi asiyoielewa na inambidi arudi nyuma, akiwa amepoteza muda mwingi kuliko kama angekuwa na adabu tangu mwanzo.

Sehemu nyingine za dunia zina maoni tofauti, na zimeyaandika. Oktoba 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alitoa mwongozo wa adabu za mtandao unaojulikana kwa namba yake, 1855. Ni waraka wa busara. Unashauri mistari iwe mifupi, herufi zake zisifike 65. Unaonya kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kupiga kelele. Unakumbusha kwamba gharama ya ujumbe hailipwi na mtumaji peke yake, anayepokea naye hubeba fungu lake. Na pia, ingawa watu wachache huusifu kwa hili, unamwambia mwandishi kwamba upande wa pili kuna binadamu ambaye utamaduni, lugha na utani wake huenda si kama wa kwake. Kadutu inalipokea shauri hili la mwisho kwa mikono miwili. Taabu ni kwamba ukilipokea kwa dhati, yale mengine yote yanaanza kuyumba. Ufupi ni adabu kwa nani? Kwa mtu aliyezoea kwamba muda ni mali yake binafsi, na kwamba kumpunguzia maneno ni kumpa zawadi. Mtaani Nyamugo, humohumo Kadutu, kumpunguzia mtu maneno ni kumwambia hastahili.

Suala hili limekuwa la kibiashara. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Tangu hapo wachuuzi wa Bukavu wamezidi kujikuta kwenye makundi ya simu pamoja na watu wa Nairobi, Kampala na Kigoma. Mtu wa Nairobi anaandika neno moja: "Bei?" Kwake hiyo ni heshima, kwa kuwa hapotezi muda wa mwenzake. Kadutu inalisoma neno hilo na kujiuliza imekosa nini. Inajibu kwa odio ya dakika tatu yenye habari za familia, na mtu wa Nairobi, aliyesimama kwenye foleni ya matatu bila visikizio, anashika kichwa. Mtanzania naye, kwa nia njema kabisa, anamwandikia mama wa makamo "Shikamoo", salamu isiyokuwa ya kila siku Bukavu, halafu anangoja marahaba ambayo haiji. Akiisema kwa sauti yake, mambo hubadilika. Mama anasikia unyenyekevu hata kabla hajapambanua neno, naye anarudisha baraka kwa namna ya kwao, pengine na "Asinge" ya Kishi juu yake.

Kuna sababu nyingine ya odio kupendwa, na hii haina mzaha sana. Katiba ya Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kwenye karatasi mambo ni shwari. Darasani, baada ya miaka michache ya mwanzo, Kifaransa ndicho kinachoshika chaki. Kwa hiyo mtoto wa Kadutu anajifunza kuandika kwa lugha moja na kuishi kwa nyingine. Akishika simu kuandika, vidole vinatoa "bjr" na "slt", salamu za Kifaransa zilizokatwa miguu, hata anapomwandikia shangazi ambaye hajawahi kusalimiana naye kwa Kifaransa maishani. Akiandika Kiswahili cha mtaani kwao, anaogopa kuchekwa na watu wa Tanzania. Akiandika Kiswahili cha vitabuni, anachekwa na ndugu zake. Odio inamwondolea aibu zote mbili kwa mkupuo. Ndani yake Kiswahili, Kifaransa, Kishi na Kilega hukaa pamoja bila mtu kuuliza tahajia. Na yule mama ambaye vita au umaskini ulimnyima shule kabisa anatuma ujumbe wenye uzito sawa na wa profesa, mara nyingi wenye mpangilio mzuri zaidi.

Wanaodhani kwamba mtindo huu umeletwa na WhatsApp, iliyoanzisha ujumbe wa sauti Agosti 2013, wameisahau foni. Kabla ya simu za mkononi, anayetaka kuzungumza na jamaa aliyeko Shabunda au vijijini Mwenga alikwenda kwenye misheni au kwa mfanyabiashara mwenye redio ya masafa marefu. Alingoja zamu yake. Akasema maneno yake yote kwa mfululizo, akaachia kitufe, akangoja sauti itoke msituni ikikwaruza. Hakuna aliyekatiza mwenzake, kwa sababu mtambo haukuruhusu. Na hakukuwa na siri: chumba kizima kilisikia nani amezaa, nani anadaiwa, nani amefariki. Odio ni foni iliyoingia mfukoni. Kidole gumba kinabana kilekile kitufe.

Ndiyo maana shtaka la kutokuwa na faragha halitishi sana huku. Kadutu ilikuzwa wakati wa Wabelgiji kuwa makazi ya Waafrika, huku Wazungu wakijichagulia rasi za Ibanda zinazoingia ziwani. Leo nyumba zake nyingi ni za mbao, zimebanana mlimani kiasi kwamba moto ukianza kwenye moja, mtaa mzima unalia. Penye ukuta wa ubao, kelele za jirani ni sehemu ya samani. Odio ya shemeji ikifunguliwa uani, anayeisikia bila kukusudia angeyasikia mambo hayo jioni kwa vyovyote. Tena yeye ndiye atakayekumbusha kwamba shemeji aliomba ajibiwe kabla ya Jumamosi.

Na zile kelele za nyuma! Wageni huziita uchafu wa sauti. Wenyeji huziita ushahidi. Mtu anayedai yuko kitandani na homa, huku nyuma yake wapagazi wanaomba njia na fundi anagonga mabati, ameshajihukumu. Wala si za kukamata waongo tu. Kwa jamaa walioondoka, kelele hizo ndizo kiini cha ujumbe. Wakongo wametawanyika: Nakivale nchini Uganda, Dzaleka nchini Malawi, na Marekani, ambayo katika mwaka wake wa fedha wa 2016 ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote mwaka huo. Aliyeko Louisville, Kentucky, anarudia odio ya dada yake si kwa sababu hakuielewa. Anasikiliza jogoo, kwaya ya jirani, na mtu anayempigia kelele dereva. Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari 2025, tofauti kati ya maandishi na sauti haikuhitaji kuelezwa. "Tuko salama" inaweza kuandikwa na yeyote aliyeishika simu. Sauti ya dada haiigizwi kirahisi, angalau na mtu wa kawaida.

Watengenezaji wa mitambo wameona usumbufu wa odio na kuleta dawa. Mwaka 2021 WhatsApp iliweka kitufe cha kuharakisha: mara moja na nusu, au mara mbili. Dawa hii imezua tatizo la adabu ambalo wazee wa Kadutu bado hawajalitolea hukumu: je, mama mkubwa anaweza kusikilizwa kwa kasi ya mara mbili? Vijana wanafanya hivyo, kwa visikizio, wakitazama kando. Wanapojibu wanapunguza mwendo makusudi, wanavuta pumzi, wanatia "eee mama" za kutosha, ili isijulikane. Mama mkubwa naye anaona kwenye simu yake kwamba ile maikrofoni imekuwa ya buluu, maana yake amesikilizwa. Hana namna ya kujua kwamba alisikilizwa akibwabwaja mithili ya mpiga mnada. Kama angejua, kikao cha familia kingeitishwa, kwa odio.

Novemba 2024 ikaja dawa ya pili, mtambo wa kuigeuza sauti kuwa maandishi. Kiswahili hakikuwamo kwenye orodha ya lugha za mwanzo. Hakuna aliyeonekana kulia Kadutu. Mtambo utakaoweza kuandika sentensi inayoanza kwa Kiswahili, ikapiga kona kwenye Kifaransa, ikaapa kwa Kishi na kumalizia kwa kicheko, utastahili kasida yake wenyewe.

Msifu mwaminifu hana budi kugusa dhambi pia. Odio ni kipando kizuri cha uongo. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, na kufika Mwenga, Kivu Kusini, Agosti 2019, kisha korona ilipofuata, sauti zisizo na jina zilikuwa zimeshajifunza njia: daktari asiyejulikana wa hospitali asiyoitaja, anayeomba ujumbe ufikishwe kwa kila unayempenda. Aprili 2020 WhatsApp ilibana mambo, ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mno uweze kupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Wajanja zaidi walikuwa wahakiki wa habari wa Africa Check ya Afrika Kusini, ambao mwaka 2019 walishiriki kuanzisha kipindi kinachozichambua tetesi na kuwafikia wasikilizaji kwa odio vilevile. Walielewa kwamba uongo uliokuja kwa sauti ya kirafiki haufukuzwi na waraka. Na haki itendeke: hata odio ya uongo, ikitoka kwetu, husalimu kwanza.

Ushindi wake mkubwa, hata hivyo, odio iliupata bila kusema neno. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ilizima intaneti nchi nzima. Karibu wiki tatu zikapita. Walio jirani na mpaka walitafuta laini za Rwanda ng'ambo ya Ruzizi. Wengine walikaa na simu kimya. Lakini WhatsApp huuhifadhi ujumbe usiofika kwa siku 30. Heri za mwaka mpya zilizorekodiwa Kampala, Brussels na Louisville zilibaki zikingoja mlangoni. Intaneti iliporudi, mnamo Januari 19 na 20, siku zilezile Mahakama ya Katiba ilipothibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi, simu za Kadutu zilianza kutetemeka na kumaliza chaji. Zote ziliingia kwa pamoja, dakika mbili hii, dakika tano ile, baadhi zikiwa na fataki kwa nyuma. Hakuna aliyezifuta kwa kisingizio kwamba mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni. Zilisikilizwa, zikajibiwa moja moja, na waliojibiwa nao wakaona si adabu kunyamaza, wakajibu.