Hisabati ya Sugoi

Hapana budi kuishukuru Sugoi, maskani ya msomi aliyetunukiwa uzamivu wa ikolojia ya mimea mwaka 2018 na urais mwaka 2022, kwa fadhila ya kuwapa vijana wanaotaniana simuni usiku kucha ilmu ya hisabati iliyo hai, ambayo kwayo kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta, asilimia 8, ilizidishwa kwa 2 mwaka 2023 ikawa 16, na mshahara nao ukafundishwa adabu ya kutoa: asilimia 1.5 kwa nyumba, 2.75 kwa afya. Mahasidi hudai ati kuzidisha kuna wenyewe na kutoa kuna wenyewe. Uzushi mtupu! Kugawanya, bila shaka, kumewekwa katika muhula ujao.