Mtaalamu wa Sehemu Yuko Jukwaani

Mabibi na mabwana, kimya! Mtaalamu amepanda jukwaani. Mtaalamu hana cheti, kwa sababu wa kumtahini bado hajazaliwa.

Mada ya leo ni derivativu ya fanksheni yenye kiasi juu na asili chini. Wasiojua hudhani ni kazi ya kuku kudonoa: tafuta derivativu ya juu, tafuta ya chini, gawanya, nenda zako. Mtaalamu hawacheki sana, maana hata mwanahisabati Leibniz, katika maandishi yake ya Novemba 11, 1675, alilipima wazo hilo kabla ya kulitupa. Jaribuni wenyewe: x² juu, x chini. Kwa mkato huo mnapata 2x. Lakini x² ukiigawa kwa x si inabaki x? Na derivativu ya x ni 1. Aibu gani hii!

Kanuni halali ni hii: asili mara derivativu ya kiasi, toa kiasi mara derivativu ya asili, kisha gawanya yote kwa kipeo cha pili cha asili. Ukianza na kiasi, alama inageuka, na mpando unasomeka mteremko. Leibniz alipoichapisha mwaka 1684 katika jarida la Acta Eruditorum, kule Leipzig, aliandika alama za kujumlisha na kutoa pamoja, ichaguliwe inayofaa kulingana na mchoro. Mtaalamu angemshauri vizuri zaidi, ila hakualikwa.

Sasa macho ubaoni. Juu x² − 1, chini x − 1. Asili mara derivativu ya kiasi: 2x(x − 1), yaani 2x² − 2x. Toa x² − 1. Chungeni mabano hapo! Ile −1 ikitolewa inakuwa +1, na watahiniwa wengi huangukia papo hapo. Juu imebaki x² − 2x + 1, chini (x − 1)². Ubao umejaa, shati la Mtaalamu limetapakaa chaki, na jibu...

Naam, binti wa kidato cha tano kule nyuma? Eti ni 1? Eti umegawanya kwanza ukapata x + 1? Kwa kichwa?

Kaa chini, mwanangu. Mtaalamu alikuwa anaelekea huko huko, kwa heshima zaidi. Isitoshe, hukusema x isiwe 1. Pale asili ni sifuri na fanksheni yenyewe haipo. Maksi mbili zimekwenda. Tunaingia kwenye tan x, yaani sin x kugawanya kwa cos x. Hapo hakuna cha kufupisha, na ili kuifikia 1 kugawanya kwa cos² x Mtaalamu anahitaji ubao mtupu. Nani ana dasta?