Heko, Difu ya Nyuma

Injini imesifiwa vya kutosha. Mwenye Bedford kuukuu, lori la Uingereza lililoanza kubeba jina hilo mwaka 1931, akipata mgeni humkimbiza kwenye boneti. Hamlazi chini ya bodi akaangalie difu, gia zinazoyagawia magurudumu ya nyuma mzunguko. Dhuluma hii imezidi. Katika lori zima ni difu peke yake inayoheshimiwa kwa kulaliwa chali.

Kwanza, manukato yake. Oili ya difu hutiwa salfa ili meno yasilane yakibanana chini ya mzigo, na salfa hunuka yai viza. Ifungue asubuhi, jioni upande daladala: utakaa kiti cha watu wawili, tena bila kuomba.

Pili, ukarimu. Lori likikwama, gurudumu moja kwenye tope na jingine pakavu, difu humpa mzunguko wote yule aliye topeni, akazunguka apendavyo, na yule mwenye uwezo wa kulitoa lori akaachwa amesimama. Huruma ya namna hii huioni hata serikalini. Wa kushukuriwa ni Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyeibuni difu ya gari miaka ya 1820 ili kwenye kona gurudumu la nje liweze kukimbia kuliko la ndani. Alikuwa fundi saa. Sasa mnajua kwa nini chuma cha kubebea magunia kinadai vipimo vya saa ya mkononi.

Maana hapo ndipo utamu ulipo. Kuitoa difu ni rahisi: unafungua bolti za habu, unachomoa shafti mbili, unateremsha propela, unaweka jeki chini ya difu (au kifua chako, kama huna jeki). Kurudisha ndiko kunakokuza imani. Kraunwili na pinioni, gia kubwa na ndogo za difu, zilisagwa pamoja kiwandani, zikachorwa namba moja. Ikifa mojawapo, zinazikwa zote mbili. Vifuniko vya beringi navyo vina upande wake, kushoto na kulia, na spana boi aliyevichanganya atakuapia kwamba vinafanana. Nafasi kati ya meno iwe kama milimita 0.2, na inapatikana kwa shimu, vibati vyembamba ambavyo ukipiga chafya vimepotea. Unapaka meno rangi, unazungusha, unasoma alama. Ikikaa kwenye shina la jino, pinioni imezama mno. Ikikaa nchani, haijaingia vya kutosha. Unafungua, unang'oa beringi kwa puli, unabadili shimu, unafunga, unapaka tena. Adhuhuri inapita hivyo, kisha alasiri.

Na adabu yake! Gerejini difu hunyamaza. Ukikosea haikuaibishi mbele ya watu. Husubiri lori lipakiwe, lifike mlimani, ndipo ianze kuimba. Ikiimba ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, dereva mzoefu anajua tayari kwamba safari ijayo ni ya kurudi kwa fundi.

Kuhusu kuvuja sina la kusifu. Oili ikipita sili inaingia kwenye dramu za breki, na lori lisilo na breki halina utani. Basi, ndugu yangu, kabla hujanunua sili ya tatu, panda juu ya ekseli ukazibue kile kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, joto huijaza difu shinikizo, na sili yoyote itasukumwa, hata iwe mpya.